Mnyoo wa Mlalo na Jamaa Zake

Mlalo ni mji mdogo katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Ni nchi ya miteremko na mabonde, na Lushoto nzima inajulikana kwa mboga na matunda yanayoshushwa kwa malori hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mwaka 1968 jina la Mlalo liliingia katika kumbukumbu za sayansi kwa sababu ya nyanya, au kwa usahihi zaidi, kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya mizizi yake. Mtafiti A. G. Whitehead, aliyekuwa amechunguza minyoo wanaoishi katika mizizi ya mazao ya Afrika Mashariki, alichapisha maelezo ya aina mpya ya mnyoo aliyetokana na nyanya za Mlalo. Akampa jina Meloidogyne ethiopica.

Tangu hapo mnyoo huyo amekutwa mbali sana na Usambara. Nchini Chile ameenea katika mashamba ya mizabibu, na Brazil amewasumbua wakulima wa kiwi. Mlalo ni mahali alipotambuliwa kwa mara ya kwanza, na hilo halina maana kwamba ndiko alikoanzia safari. Minyoo wa namna hii husafiri kimya kimya pamoja na miche, udongo, majembe na viatu vya watu. Lakini kila anayekijali kilimo cha Afrika Mashariki anapaswa kulitafakari hili: sayansi ilimwona mnyoo huyu katika mashamba ya Usambara zaidi ya nusu karne iliyopita, na bado wapo wakulima wengi, toka Iringa hadi Kirinyaga, ambao hawajawahi kuonyeshwa kazi anayoifanya.

Dalili zake zinadanganya. Nyanya inadumaa na majani yanapauka, mtu akadhani udongo umechoka. Saa sita mchana mmea unanyauka ilhali ardhi ina unyevu, na jioni unajiinua tena, mtu akadhani ni ukali wa jua. Shamba linakuwa na mabaka: hapa mimea imestawi, hatua chache mbele imebaki mifupi na ya njano. Mkulima anafanya anachokijua. Anaongeza mbolea, anaongeza maji, ananunua dawa ya ukungu na kupulizia majani yasiyo na ukungu. Pesa inatoka mfukoni na mmea haubadiliki, kwa kuwa ugonjwa uko chini na tiba imepigwa juu.

Kinachohitajika kwanza ni jembe. Mmea unachimbuliwa taratibu pamoja na udongo wake. Haung'olewi kwa nguvu, maana mizizi midogo yenye ushahidi hukatika ikabaki ardhini. Udongo ukipukutishwa na mizizi ikisuuzwa kwenye ndoo ya maji, minyoo wa jamii hii, waitwao minyoo fundo, hutambulika kwa kazi yao. Mizizi imevimba mafundo mafundo, mengine madogo, mengine yameungana hadi mzizi mwembamba umenenepa kupita kiasi. Kwenye maharage na kunde pana jambo moja zaidi la kuangalia, kwa kuwa mimea hiyo ina vinundu vyake vya asili ambamo bakteria huinasa naitrojeni ya hewani. Kinundu cha asili kimebandikwa ubavuni mwa mzizi. Kikisuguliwa kwa kidole kinabanduka, na kikipasuliwa kikiwa hai, ndani yake ni rangi ya waridi. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na halitoki bila mzizi kuvunjika.

Ndani ya fundo hilo kunatendeka jambo ambalo watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi na bado linawashangaza. Mnyoo mchanga anapotoka kwenye yai ana urefu wa karibu nusu milimita, naye ni mwembamba kiasi kwamba jicho la mtu halimwoni. Anaogelea katika utando wa maji unaozunguka chembe za udongo, akifuata kemikali zinazotolewa na mizizi. Kichwani ana sindano ndogo ngumu. Anaingia karibu na ncha ya mzizi, anapenya katikati ya seli, na akifika mahali panapomfaa anatulia. Hapo anadunga seli chache na kuzitilia majimaji ya mdomoni mwake. Seli hizo zinaacha kazi yake ya kawaida. Viini vyake vinagawanyika mara nyingi bila seli yenyewe kugawanyika, mpaka seli moja inakuwa na viini kadhaa wa kadhaa na ukubwa uliozidi jirani zake mara nyingi. Kuanzia siku hiyo chakula ambacho mmea ulikitengeneza kwa ajili ya maua na matunda kinavutwa kuelekea kwa mnyoo.

Jike hunenepa, akawa mviringo na mweupe, hasogei tena. Hutaga mayai mia kadhaa ndani ya ute unaoyakinga na ukavu. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, safari ya kutoka yai hadi yai huchukua wiki tatu au nne, kwa hiyo msimu mmoja wa nyanya unatosha vizazi vitatu au zaidi. Aina zinazosumbua zaidi katika nchi za joto, kama Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica, hazihitaji dume ili kuzaa. Mnyoo mmoja akifika shambani na mche wa kununua, anatosha kuanzisha ukoo.

Hasara yake ni kubwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, Sasser na Freckman, walikadiria kwamba minyoo wa mimea hupunguza mavuno ya dunia kwa asilimia 12 hivi kila mwaka. Ni makadirio ya zamani, na watafiti wanaendelea kuyajadili. Ila hakuna anayepinga kwamba hasara inamwelemea zaidi mkulima mdogo wa nchi za joto, ambako udongo haupati baridi ya kuwapunguza minyoo na shamba halipati nafasi ya kupumzika.

Elimu yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1743 John Turberville Needham wa Uingereza alifungua punje ya ngano iliyosinyaa, akaitia maji, na chini ya hadubini nyuzi nyeupe zilizoonekana kavu zikaanza kujinyonganyonga. Walikuwa minyoo. Mwaka 1855 Mwingereza mwingine, Miles Joseph Berkeley, alieleza mafundo ya mizizi kwenye matango yaliyopandwa ndani ya nyumba ya kioo. Mwaka 1859 Hermann Schacht aligundua mnyoo aliyekuwa akiangusha mavuno ya viazisukari Ujerumani, nchi iliyotegemea zao hilo kwa viwanda vyake vya sukari. Mwaka 1887 Emil Göldi, aliyetumwa kuchunguza ugonjwa wa mibuni katika jimbo la Rio de Janeiro, Brazil, alikuta minyoo fundo mizizini. Kila mara kisa ni kile kile: zao linaanguka, watu wanalaumu ardhi, kisha mtu mmoja anaamua kuutazama mzizi.

Whitehead, yule wa nyanya za Mlalo, aliacha pia njia ya kuwaona minyoo wenyewe. Mwaka 1965, yeye na mwenzake Hemming walichapisha ulinganisho wa njia za kuwatoa minyoo wadogo udongoni, na njia ya trei inayobeba jina la Whitehead inatumika mpaka leo. Katika maabara ndogo za Afrika vifaa vyake vinapatikana dukani: chujio la plastiki la jikoni, sahani na karatasi laini ya tishu. Tishu inatandikwa ndani ya chujio. Udongo uliochanganywa vizuri unapimwa kwa kikombe na kutandazwa juu yake, kisha chujio linawekwa kwenye sahani. Maji yanamiminwa polepole pembeni, kati ya chujio na sahani, mpaka udongo uloane bila kuzama. Halafu vyombo vinaachwa mahali patulivu kwa siku mbili. Minyoo walio hai wanajipenyeza kwenye tishu na kushuka majini, na udongo unabaki juu. Maji yale yakitulizwa na kupunguzwa, tone moja chini ya hadubini linaonyesha nani yupo shambani na kwa wingi gani.

Mkulima asiye na hadubini ana njia nyingine ambayo wataalamu wenyewe huitumia. Anachukua udongo kutoka sehemu nyingi za shamba, anauchanganya, anaujaza kwenye makopo machache na kupanda miche ya nyanya ya aina isiyo na kinga. Baada ya mwezi mmoja au mwezi na nusu anaing'oa na kuisuuza. Mizizi ikiwa na mafundo, ameshapata jibu kabla hajatumia fedha ya mbegu na mbolea kwenye shamba zima.

Jibu hilo ni la minyoo fundo peke yao. Wapo wengine wasioacha fundo lolote, na hapo ndipo kisa cha viazi mviringo vya Kenya kinapoingia.

Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba mnyoo wa viazi aitwaye Globodera rostochiensis amepatikana Kenya, katika viazi vya Nyandarua. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, kwenye asili ya kiazi chenyewe, na Ulaya imempiga vita kwa sheria kali za karantini kwa miongo mingi. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba ameenea katika maeneo mengi ya viazi nchini Kenya, na katika miaka michache iliyofuata aliripotiwa pia Rwanda na Uganda. Kwa Kenya hilo ni jambo zito, kwani kiazi ndicho zao la pili la chakula baada ya mahindi.

Silaha ya mnyoo huyu ni uvumilivu. Jike akifa, ngozi yake inakauka na kugeuka kifuko kigumu cha rangi ya kahawia chenye mayai mia kadhaa ndani. Kifuko hicho kinaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi. Mayai hayaanguliwi ovyo. Husubiri mpaka mizizi ya kiazi ipite karibu na kutoa kemikali fulani, ndipo minyoo wachanga wanapoamka. Wala trei ya Whitehead haiwezi kukinasa kifuko, kwa sababu hakitembei. Udongo wa shamba la viazi hukaushwa kwanza, kisha hutiwa maji, na vifuko vikavu huelea juu vikanaswa kwa chujio la matundu madogo.

Ushauri wa vitabu ni kupanda mazao mengine kwa miaka kadhaa. Ni ushauri sahihi, lakini mwenye nusu ekari Nyandarua, anayelipa karo kwa viazi, hawezi kuliacha zao lake miaka saba akingojea vifuko vife. Anarudia viazi, tena kwa mbegu aliyoiweka nyumbani au aliyoinunua sokoni, na pengine mbegu hiyo inakuja na udongo wenye vifuko vipya.

Katika hali hiyo ndipo watafiti wa kituo cha utafiti cha icipe jijini Nairobi, wa IITA, yaani Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki, na wa Chuo Kikuu cha North Carolina State cha Marekani waliposhirikiana katika jambo linalostahili kusimuliwa kila kijiji kinacholima viazi. Walichukua nyuzi za mgomba, ambazo baada ya kuvuna ndizi huachwa zioze, wakatengeneza karatasi nene. Kila kiazi cha mbegu kinafungwa ndani ya karatasi hiyo na kupandwa hivyo hivyo. Karatasi inazinasa kemikali za mizizi zinazowaamsha minyoo na kuwaelekeza, kwa hiyo katika siku za mwanzo, ambazo mmea ni dhaifu, minyoo wanabaki wamelala au wanapotea njia. Baadaye karatasi inaoza na mizizi inaendelea.

Karatasi nyingine zilitiwa abamektini, kwa kiwango kidogo sana kuliko kile kinachomwagwa shambani kwa kawaida. Abamektini ni ya ukoo mmoja na ivamektini, dawa inayotumika kutibu usubi. Dawa za ukoo huo zilitokana na bakteria wa udongo aliyegunduliwa Japani, kazi iliyowapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Matokeo ya majaribio ya mashambani nchini Kenya yalichapishwa mwaka 2022: mavuno yaliongezeka, na mahali pengine yalifika mara tano ya yale ya viazi vilivyopandwa bila karatasi. Dawa ikikaa ndani ya karatasi, inaulinda mmea unaohitaji kulindwa, na ekari nzima ya udongo haiguswi.

Kwa nini udongo usiguswe? Kwa sababu historia ya dawa za minyoo ni ya majuto.

Mnamo miaka ya 1940, katika mashamba ya mananasi ya Hawaii, iligunduliwa kwamba gesi fulani ikidungwa ardhini inaua minyoo na mavuno yanapanda ghafla. Zikafuata dawa nyingine, mojawapo DBCP, iliyouzwa kwa jina la Nemagon. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Lathrop, California, waligundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Vipimo vilionyesha kwamba dawa waliyoitengeneza ilikuwa imeharibu uwezo wao wa kuzaa. Marekani ilisimamisha karibu matumizi yote ya DBCP mwaka 1979. Wakati huo huo wanaume waliofanya kazi katika mashamba ya ndizi ya Costa Rica, Nicaragua na Honduras walikuwa wameshaivuta na kuishika, na kesi zao zimeendelea mahakamani kwa miongo. Methili bromaidi, gesi nyingine iliyopendwa na wakulima wa maua na stroberi, ilibainika kuharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal nchi tajiri zilipangiwa kuiacha kufikia mwaka 2005 na nchi zinazoendelea kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Nchini Kenya, Furadani iliyotakiwa kuua wadudu na minyoo wa udongoni ilitumiwa na baadhi ya watu kuwatilia simba sumu kwenye mizoga, na mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka madukani ili kuiondoa.

Sumu hizo zina dhambi nyingine isiyotajwa sana. Minyoo wengi wa udongoni hawana ubaya wowote. Wapo wanaokula bakteria na kwa njia hiyo kurudisha rutuba kwa mimea, na wapo wanaoua wadudu waharibifu. Mmoja wao, Caenorhabditis elegans, ameifundisha dunia tiba: utafiti uliofanywa juu yake ulituzwa Nobel mwaka 2002, mwaka 2006 na tena mwaka 2024. Dawa inayomwagwa shamba zima haimtofautishi rafiki na adui.

Njia nyingine zipo, na nyingi zinaweza kufanyika nyumbani. Mfano mzuri ni migomba. Mnyoo Radopholus similis, aliyeelezwa na Nathan Cobb mwaka 1893 kutokana na ndizi za Fiji, hutoboa mizizi ya mgomba na kuiacha na majeraha meusi na mekundu. Kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki yupo mwenzake, Pratylenchus goodeyi. Mgomba ulioliwa mizizi hauna cha kuushika. Unabeba mkungu, upepo unapita, na mgomba unalala chini na mizizi yake juu wiki chache kabla ya kuvunwa. Kagera na Uganda wanaufahamu msiba huo.

Minyoo hawa huhama shamba hadi shamba ndani ya machipukizi ambayo majirani hupeana kwa wema. Zamani wataalamu walishauri tunguu la chipukizi limenywe, kisha lizamishwe kwenye maji ya nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20. Ushauri ulifanya kazi kituoni na ukashindikana kijijini, maana nani ana kipimajoto, na nani ataushikilia moto usizidi wala usipungue kwa dakika 20? Watafiti wa IITA wakatafuta njia ya mkulima, na mwaka 2010 wakachapisha jibu. Tunguu linamenywa kwa kisu kikali mpaka mizizi yote na madoa meusi yaishe na nyama nyeupe ionekane. Maji yanachemka kabisa kwenye pipa. Chipukizi linazamishwa kwa sekunde 30, linatolewa na kuachwa lipoe. Mchemko wa maji ndio kipimo, na mtoto anayejua kuhesabu hadi 30 anaweza kusaidia. Joto la muda huo linaua minyoo walio karibu na ngozi ya tunguu pamoja na mayai ya fukusi, na halifiki kwenye moyo wa chipukizi.

Wako pia wanaopata kinga kutoka kwenye mbegu yenyewe. Mgomba wa Yangambi Km 5, uliopata jina kutoka kituo cha utafiti cha Yangambi nchini Kongo, unamhimili Radopholus vizuri, na ulikuwa miongoni mwa aina zilizosambazwa Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwenye nyanya, kinga ilitoka kwa jamaa yake wa porini wa Amerika Kusini, Solanum peruvianum. Mimea hiyo miwili haizaliani kirahisi, ikabidi katika miaka ya 1940 mtafiti wa California akichopoe kiinitete kutoka kwenye mbegu changa na kukilea maabara. Kutokana na kazi hiyo nyanya ikapata jeni iitwayo Mi, na mwaka 1998 wanasayansi walifanikiwa kuitenga. Anayenunua mbegu anaweza kuitafuta kwenye pakiti, kwa herufi N inayoandikwa baada ya jina la aina, mara nyingi pamoja na V na F za magonjwa ya mnyauko. Lakini jeni hiyo ina mpaka wake. Udongo ukizidi nyuzi 28 hivi, inashindwa kazi. Mkulima wa Lushoto anaweza kuitegemea, ila yule wa joto la pwani anahitaji matandazo ya kupoza udongo na njia nyingine za kusaidiana nayo.

Kupanda mmea wa marejea ni mojawapo ya njia hizo. Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliihimiza sana katika karne iliyopita kwa ajili ya kurutubisha ardhi na kushinda magugu. Mimea ya jamii yake ina sifa ya ziada: minyoo fundo wanaingia kwenye mizizi yake na wengi wao wanashindwa kukua na kutaga. Msimu mmoja wa marejea kabla ya nyanya unapunguza idadi yao, na majani yakigeuzwa ardhini yanakuwa mbolea.

Kuna pia managu, ambayo Watanzania wanaiita mnavu. Mboga hii ni ndugu wa kiazi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Kenya ulionyesha kwamba mizizi ya managu inaweza kuwaamsha minyoo wa vifuko kana kwamba kiazi kimepandwa. Wanatoka kwenye mayai, wanaingia, kisha hawamudu kuzaa. Familia inakula mboga, na akiba ya vifuko inapungua. Ni habari njema kwa Nyandarua. Lakini managu hiyo hiyo hushambuliwa vibaya na minyoo fundo. Anayeipanda kwenye shamba lenye minyoo fundo akidhani anajitibu, anawalisha. Dawa ya mnyoo mmoja inaweza kuwa karamu ya mwingine, na ndiyo maana kumtambua adui kunatangulia kila kitu.

Kutambua huko ndiko kunakokosekana. Tanzania na Kenya zina watafiti wanaolijua somo hili, zina vyuo vinavyolifundisha, na matokeo yao yanasomwa duniani kote. Pengo liko kati ya maabara na shamba. Afisa ugani anayehudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja ana mikono mitupu: hana hadubini, na mara nyingi hana mahali pa karibu pa kupeleka sampuli. Mbegu safi za viazi hazitoshi. Karatasi ya mgomba inahitaji viwanda vya kuitengeneza karibu na mashamba, kwa bei ambayo mkulima wa viazi ataimudu, na aina za viazi zenye kinga zinahitaji kupikika haraka na kukubalika sokoni kama aina ya Shangi inavyokubalika.

Hapa serikali za mitaa zina kazi iliyo ndani ya uwezo wao. Halmashauri na kaunti hutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya mbolea na mbegu. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikinunua hadubini, machujio na mafunzo ya mafundi wawili au watatu kwa kila wilaya yenye nyanya, viazi au migomba, mkulima ataweza kupeleka kikombe cha udongo na kupewa jina la mnyoo wake kabla ya kupanda. Vyama vya ushirika navyo vinaweza kuweka sharti kwa wauza miche: kitalu kichunguzwe mizizi kwanza, na mche wenye fundo usitoke nje ya uzio. Wakulima wenyewe wana haki ya kuulizia herufi N dukani, na kuuliza mbegu ya viazi imetoka shamba gani na shamba hilo limepimwa lini. Msimu wa kupanda unapokaribia, maswali hayo yaanze kuulizwa kwa sauti kwenye mikutano ya vijiji na kwenye maduka ya pembejeo, na wenye dhamana watakiwe kuyajibu.